Visanduku Viwili vya Jina Moja

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nataka kueleza kosa nililolifanya muhula huu, kwa sababu liliwasumbua wazee wetu kadha wa kadha, na mmoja wao ni mama yangu mzazi.

Wazazi walitakiwa kutujulisha mambo mawili: kama watahudhuria Siku ya Wazazi, na namba ya simu ya mtu wa kuitwa mtoto akiugua. Sisi wa chama cha kompyuta tukapewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa mtandao. Nikaona ni vema fomu zote mbili zikae katika ukurasa mmoja, maana wengi hununua bando la siku moja moja. Nilipokwisha kuandika fomu ya kwanza niliinakili yote, nikaibandika chini yake, nikabadili kichwa chake na maneno machache tu. Uvivu mtupu! Kisanduku cha simu cha juu kilikuwa na kitambulisho "simu", na cha chini nacho "simu" vile vile. Nilijaribu fomu ya juu peke yake, ikakubali, nikajiona fundi.

Jumamosi moja jioni nilirudi nyumbani, huku Kawe karibu na viwanja vya Tanganyika Packers, nikamkuta mama kibarazani na simu yake mkononi. Alikuwa akijaza fomu ya chini. Kila akigusa neno "Simu", pa kuandikia panahamia fomu ya juu. Hatimaye alikigusa kisanduku chenyewe, akaandika namba, akabonyeza "Tuma". Akajibiwa: "Namba haijatimia tarakimu 10." Alizihesabu kwa kidole mara tatu, nazo zilikuwa 10 kamili. Akaniambia, "Mwanangu, mimi shule yangu ndogo. Jumatatu nitakwenda kumwambia mwalimu kwa mdomo."

Sikumwambia kwamba ukurasa ule ni kazi yangu. Usiku ule sikulala vizuri.

Jumatatu nilimweleza mwalimu wetu. Hakunigombeza, aliandika ubaoni 0023, akauliza, "Huyu ni mtahiniwa gani?" Tukanyamaza, maana katika mtihani wa Kidato cha Nne karibu kila shule ina 0023 wake. Ndipo akaandika mbele yake herufi S, namba ya kituo na mkwaju, kama Baraza la Mitihani linavyofanya, na mara yule 0023 akawa mtu mmoja tu katika Tanzania nzima.

Kumbe kivinjari kikiulizwa "simu" ni ipi, huanza juu na kuchukua ya kwanza kinayokutana nayo, wala hakilalamiki. Lebo ya chini ilimpeleka mama juu, na programu yangu ya kuhesabu tarakimu ilichungulia kisanduku cha juu kilichokuwa kitupu. Mimi nilidhani kila fomu ni ua lenye watu wake. Hilo ni kweli kwa jina linalotumwa pamoja na jibu, kwani kila fomu hutuma visanduku vyake tu, na jina hilo laweza kurudiwa katika fomu nyingine. Lakini kwa sheria ya HTML kitambulisho ni cha ukurasa mzima, wala hakirudiwi.

Basi nikaandika "siku-simu" juu na "dharura-simu" chini, na vingine vyote kwa mtindo huo. Hata hivyo lebo moja niliisahau, ikabaki ikielekeza kwenye kitambulisho cha zamani; ukiigusa, kimya. Nikazipitia zote upya, safari hii nikianza na fomu ya chini.

Jioni nilimpa mama ajaribu tena. Akagusa "Simu", pa kuandikia pakatulia pale pale. Akaandika, akatuma, ikapokelewa. Ndipo nilipomwambia ni nani aliyeuandika ukurasa ule. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Nawe ulikaa hapo ukaniacha nihesabu!"