Stempu za Mzee wa Nanyala

Ndugu msomaji, endapo safari itakuchukua kutoka Mbeya kwenda Tunduma, usisinzie garini. Ukishavuka Mto Songwe, barabara kuu iendayo Zambia huingia Wilaya ya Mbozi, na haichukui muda utafika Nanyala. Malori ya mizigo hupita hapo usiku na mchana yakielekea mpakani, nayo mashamba ya mahindi na kahawa hutimkiwa vumbi lake. Wengi hupita Nanyala, wachache hushuka. Mimi nilishuka, kwani niliambiwa kwamba yuko mzee mmoja mwenye albamu ya stempu za Austria.

Nilimkuta barazani, amejifunika koti zito kwa ajili ya baridi. Nikamwamkia, akaitikia, akamtuma mjukuu wake ndani. Kijana alirudi na daftari kubwa lililofungwa kwa kitambaa. Mzee alinawa mikono, akaikausha, ndipo akafungua.

Naam, walikuwamo! Wanawake wenye kofia pana na vilemba, wenye sketi za marinda na aproni. Wanaume wenye soksi ndefu na makoti mafupi. Kila stempu ilionyesha mavazi ya jimbo moja: Tirol, Salzburg, Steiermark, Vorarlberg, Burgenland, na hata mji wa Wien. Zilifikaje Nanyala? Baba yake mzee alikuwa mpishi katika shamba la kahawa la mzungu mmoja huko Mbozi, miaka ya 1950. Mzungu huyo alikuwa na jamaa Austria, na bahasha zao, zikishasomwa, zilitupwa jikoni kuwashia moto. Mtoto wa mpishi akawa anaziwahi kabla ya kiberiti.

Huenda ukauliza, msomaji, kwa nini nchi ichague sketi na kofia za wakulima wake, badala ya sura ya mfalme au mnara. Austria ilikwisha kutoa stempu za mavazi ya majimbo mwaka 1934. Machi 1938 ilimezwa na Ujerumani ya Hitler, na stempu zake zikaondolewa pamoja na jina lake. Vita vilipokwisha mwaka 1945, nchi hiyo ilikaliwa na majeshi ya mataifa manne, nayo yaliondoka mwaka 1955 tu. Katikati ya hali hiyo, mwaka 1948, ndipo zilipoanza kutolewa stempu hizi tunazozizungumzia, zaidi ya 30 kwa jumla. Taifa lisilo na amri kamili juu ya ardhi yake lilituma duniani picha za watu wake wakiwa katika mavazi yao. Sisi tuliopata kutawaliwa hatuhitaji kufafanuliwa maana yake. Kenya nayo, katika miaka ya 1980, ilitoa stempu za mavazi ya sherehe ya makabila yake.

Mjukuu alikuwa akinitazama kwa matumaini. Alikuwa amesikia kwamba stempu za kale ni mali, akataka nimwambie bei. Sikuwa na budi kumwambia kweli. Stempu hizi zilichapishwa kwa wingi mno, kwa sababu zilikuwa za matumizi ya kila siku. Zile za thamani ndogo, zilizokwisha kugongwa muhuri, hupatikana kwa bei rahisi popote zinapouzwa. Uzee wa stempu haufanyi bei. Uchache ndio ufanyao, pamoja na usafi wake na ukamilifu wa meno yake ya pembeni. Kijana aliinamisha kichwa. Mzee akacheka, akasema, "Nilimwambia. Lakini ipo moja ambayo sitaiuza hata kwa ng'ombe kumi."

Alifunua ukurasa wa mwisho. Ilikuwamo stempu ya mwaka 1976 iliyotolewa kwa heshima ya Reli ya Tanzania na Zambia. Juu yake, peke yake, ilikaa stempu ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, ya mwaka 1959, yenye picha ya uchimbaji wa shaba.

Kaka yake, akanieleza, alivuka mpaka Tunduma kwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba, kama walivyofanya vijana wengi wa sehemu zile. Alikuwa akiandika barua. Katika nyumba yao aliyejua kusoma ni huyu mdogo peke yake. Yeye ndiye aliyemsomea mama. Mwaka 1961 ikaja barua kwamba kaka amehamia kazi mpya, na kwamba anwani yake mpya ameiandika nyuma ya bahasha. Mtoto alimsomea mama barua. Kisha akaikata stempu, akailoweka, na bahasha akaitia motoni kama alivyozoea.

"Nilikusudia kuinakili," aliniambia. "Nikasahau."

Barua nyingine haikuja. Juu ya stempu ile umebaki mkato wa muhuri wa posta, na herufi tatu tu husomeka: OLA. Mji wa Ndola huishia hivyo; na Chingola pia. Yote miwili imo katika ukanda wa shaba. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, mjomba wao alitumwa kwenda kumtafuta. Alianza na Ndola, akauliza mpaka nauli ikakaribia kumwishia, akarudi. Chingola hakufika. Mama alikufa akingali anauliza.

Nilitamani kusema neno la kumfariji, nikalikosa. Mjukuu, ambaye nilidhani anajali bei tu, alilivuta daftari taratibu, akalifunika kwa kitambaa. Yaelekea kisa kile hakuwa amekisikia chote kabla ya siku ile.

Basi, ndugu msomaji, kama una watoto wanaopenda kukusanya stempu, usiwazuie, kwani jiografia na historia zitawaingia bila kiboko. Wafundishe kushika stempu kwa kibanio, maana jasho la vidole huiharibu. Kuiloweka katika maji ya kawaida, si ya moto. Na kuikausha katikati ya karatasi safi, mbali na jua. Lakini kabla hawajachukua mkasi, wafundishe kugeuza bahasha na kusoma pande zote mbili. Pengine bahasha nzima, pamoja na muhuri wake, tarehe yake na mwandiko wa aliyeiandika, ina thamani kuliko kipande kile cha rangi. Wakusanyaji hodari huzihifadhi zikiwa nzima.

Siku hizi barua ni chache, na habari huja kwa simu. Huenda hata hivyo katika sanduku la mama yako zimo bahasha kuukuu zilizofungwa kwa uzi. Jumapili hii zitoe, uzisome, nyuma na mbele.

Nilipoagana na mzee, jua lilikuwa linazama upande wa Tunduma. Mjukuu alinisindikiza hadi barabarani. Lori moja lenye namba za Zambia lilikuwa limesimama kando ya njia, dereva wake akinunua ndizi. Kijana alimsogelea, akamwamkia, akamwuliza nauli ya kufika Chingola ni kiasi gani.