Wosia kwa Wajukuu Zangu wa Kibaha na Kisarawe

Wajukuu zangu wapendwa,

Umri umekwenda, na sipendi nife bila kuwausia kuhusu wazee wenye ugonjwa wa kusahau.

Ugonjwa huu upo kwetu. Utafiti wa wilayani Hai, uliochapishwa 2013, ulikuta kwamba katika kila wazee 100 wa miaka 70 na zaidi, kama 6 au 7 wanao. Chembe za ubongo hupashana habari kwa kemikali. Kwa mgonjwa, kemikali iitwayo asetilikolini, inayosaidia kumbukumbu na umakini, hupungua. Serotonini, inayosaidia kutuliza hasira, nayo hupungua. Ndipo mzee hupiga kelele, humsukuma anayemwogesha, hutangatanga jua likizama. Huo si uchawi, wala si ukaidi. Nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Damu hiyo isiwaguse.

Dada yangu wa Maneromango kila magharibi alijifunga kanga, akashika komeo, akitaka kwenda kwa mama yetu aliyekwisha kufa. Akizuiwa, anauma. Mmoja akasema ana pepo, mwingine akaleta kamba. Mkwewe ndiye aliyeona kwamba anajikunyata kila aendapo haja ndogo. Mkojo ulipopimwa, ulikutwa na maambukizi. Alipotibiwa, kusahau kulibaki, kuuma kukaisha.

Kwa hiyo nawausia: mzee akichachamaa, tafuteni kwanza kinachomsumbua. Ana maumivu? Kiu? Hajapata choo? Hali ikibadilika ghafla, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali ya Tumbi, Kibaha, au hospitali ya wilaya Kisarawe.

Msimnunulie dawa za usingizi dukani. Hata dawa ya Piriton huzuia kazi ya asetilikolini ile iliyokwisha kupungua. Dawa za kutuliza kama haloperidol na jamaa zake huwaongezea wazee hawa hatari ya kiharusi na kifo. Daktari ndiye aamue, kwa dozi ndogo na muda mfupi.

Msibishane naye. Akimwita mama yake, muulizeni habari za huyo mama. Mwogesheni taratibu, mkimweleza kila mnachofanya. Tena pokezaneni zamu, wavulana kwa wasichana. Mzigo huu msimtwike binti mmoja.

Nami nikifika huko, nikawatukana au kuwapiga, msinifunge wala msinifiche. Niulizeni ninaumwa wapi, na nisipoweza kusema, nichunguzeni mwili. Atakayenitunza hivyo, radhi zangu anazo tangu leo.

Bibi yenu