Baiskeli Begani

Nilijua kuendesha baiskeli kabla sijajua kusoma. Kwetu Shinyanga baiskeli si mchezo, ni kazi. Nimebebea maji, nimebebea mkaa, na siku moja nilimpakia mama yangu mzazi nyuma kumpeleka zahanati. Kwa hiyo kijana wetu wa mwisho alipoanza kushindana kwa baiskeli hapa Uingereza tunapoishi, sikuona jambo la ajabu. Ajabu niliiona nilipokwenda kumtazama. Watoto walikuwa wakishuka, wakizitia baiskeli begani na kukimbia nazo kupanda kilima chenye tope. Maishani mwangu baiskeli ndiyo ilikuwa ikibeba watu.

Mchezo huu huitwa saiklokrosi. Ulianzia Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20, nao huchezwa hasa majira ya baridi, juu ya majani, mchanga na, zaidi ya yote, tope. Katika mashindano makubwa njia ni mzunguko wa kilometa 2.5 hadi 3.5. Ndani yake huwekwa vizuizi vya mbao visivyozidi sentimita 40 kwenda juu, na kuna ngazi au vilima visivyopandika kwa kukanyaga. Ukifika hapo unashuka upande wa kushoto, mnyororo uwe mbali nawe, unaiweka baiskeli bega la kulia na kukimbia. Ukishavuka unarukia tandiko na kuendelea. Wanaume walianza kugombea ubingwa wa dunia mwaka 1950. Akina mama tulingoja hadi mwaka 2000, mashindano yalipofanyika Uholanzi na Hanka Kupfernagel wa Ujerumani akawa bingwa wetu wa kwanza. Miaka hamsini! Lakini kungoja tumekuzoea.

"Mama, kuna mbio za akina mama pia," kijana akaniambia. "Baiskeli ya milimani inaruhusiwa."

Nilicheka. Nina miaka 47, na tangu mwaka 2022 mume wangu alipopatwa na kiharusi, siku yangu imejaa. Namwogesha, namvisha, namlisha, nakwenda kazini, narudi kumgeuza kitandani. Upande wake wa kulia haukurudi sawasawa, na maneno yalimrudia kidogo kidogo. Maneno mawili ndiyo aliyoniambia kuliko mengine yote: "asante" na "samahani". Akina mama wenzangu mliowahi kuuguza waume zenu mtanielewa nikisema kwamba "samahani" iliniumiza kuliko uchovu. Nilikuwa nimepata mgonjwa mwenye adabu sana, na mume wangu simwoni.

Jambo jingine lilikuwa siku yenyewe. Mbio hizi mara nyingi hufanyika Jumapili, na mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Nilimweleza nikitarajia kwamba atanikatalia na shauri liishe. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Ibada ya saa mbili." Basi Jumapili moja ya Novemba 2024 tukaenda ibada ya asubuhi, tukatoka hapo moja kwa moja hadi uwanjani, karibu na Leeds. Nilivaa suruali pana ya michezo, nikaibana miguuni kwa mipira isinaswe na mnyororo. Waliovaa nguo za kubana sikuwahukumu. Baada ya mzunguko mmoja sote tulivaa tope.

Filimbi ilipolia tulikuwa akina mama kama thelathini. Kabla sijafika kona ya pili nilikuwa wa mwisho. Tope la Yorkshire linanata kama ugali uliokosa moto. Linajaa kwenye breki, linafunika gia, na baiskeli inakuwa nzito kila unapozunguka. Wenye uwezo huja na baiskeli mbili. Wakipita kwenye kituo wanaacha chafu na kuchukua safi, na msaidizi anaiosha haraka kabla hawajazunguka tena. Mimi nilikuwa na moja, ya kijana wangu, na msaidizi wangu alikuwa kule mbele akiangalia kiti cha magurudumu cha baba yake.

Walikuwa chini ya kilima, pale pa kubebea. Nilifika nikahangaika. Nilijaribu kuikokota, magurudumu yakakataa kuzunguka. Nilijaribu kuinyanyua kwa mikono miwili, nikateleza nikapiga goti.

"Bega!" Nilisikia sauti. "Weka begani! Bega!"

Alikuwa mume wangu. Hakuwa akiomba samahani. Alikuwa akinifokea, mkono wa kushoto umeshika kengele ya kushangilia aliyopewa na mtu, uso umekunjamana kama zamani alipokuwa akinifundisha kurudisha gari nyuma. Niliiweka begani, nikapanda. Juu ya kilima nilikuwa nalia, na tope likanisaidia isijulikane.

Mzunguko wa pili mama mmoja mwenye mvi, umri wa bibi kabisa, alinipita akaniita mpenzi, kama watu wa Yorkshire wanavyowaita hata wasiowajua, akanihimiza nisiache. Mzunguko wa tatu nilipofika kilimani mume wangu alikuwa akiningoja na neno jipya.

"Mama watoto," alisema, "chakula kitapoa."

Watu waliokuwa karibu hawakujua Kiswahili, wakashangaa tunacheka nini.

Katika saiklokrosi mshindi akimaliza, mbio zimekwisha kwa wote. Aliyezungukwa hadaiwi mizunguko iliyobaki, anavuka mstari na kupumzika. Mshindi wetu alikwenda mitano kwa dakika arobaini na kidogo, mimi mitatu. Jina langu lilikuwa la mwisho kwenye karatasi ya matokeo, na kijana aliipiga picha akawatumia shangazi zake wote Shinyanga.

Bado namwogesha mume wangu na kumvisha. Mguu wake haujabadilika. Ila siku hizi tunabishana: nipunguze upepo wa matairi au nisipunguze, nishuke mapema kabla ya vizuizi au nichelewe. Hajawahi kupanda baiskeli ya mashindano hata mara moja, lakini ana uhakika wa kila kitu.

Jioni ile niliosha baiskeli uani kwa ndoo mbili za maji, yeye ameketi mlangoni na blanketi magotini, akinionyesha kwa kidole tope nililoliruka.

"Jumapili ijayo?" akauliza.

"Jumapili ijayo nina zamu kazini."

Akatafuta neno, akalipata. "Ile nyingine," akasema.