Mpaka wa Njelu

Mwaka mmoja, nikifundisha historia katika sekondari fulani ya Mbinga, niliuliza katika mtihani: mpaka wa magharibi wa ufalme wa Njelu ulikuwa wapi? Mtihani ulikuwa wa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya sekondari zetu. Kijana mmoja wa Liuli, kule ufukweni, akajibu kwa Kiswahili, tena sentensi moja tu: “Ulikoma pale mkuki ulipochoka.” Nikampa sifuri, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: taja mto au mlima.

Mto gani? Nami nilikuwa nimenakili mstari wa kitabuni, basi.

Wangoni wa Njelu, chini ya ukoo wa Gama, walitawala kusini mwa nyanda za Songea. Ndugu zao wa Mshope walikuwa kaskazini. Wengi hulikumbuka jina la Njelu kwa sababu ya Majimaji na kunyongwa kwa Nkosi Mputa Gama mwaka 1906. Upande wa magharibi, Wamatengo walijihami milimani, wakalima ngolo katika miteremko ambayo mgeni hushindwa hata kusimama. Je, aliyevamiwa mwaka huu na mwakani asionekane mtu wa kumdai kodi, alikuwa ndani ya ufalme au nje? Ufalme ule ulihesabu watu wanaoutii. Ardhi ilifuata baadaye.

Lugha yetu yalijua hilo. Mpaka ni mahali, na mpaka ni kadiri ya kufika: tulitembea mpaka Litembo, tulingoja mpaka jioni. Nchi mbili zikikutana, twasema zinapakana. Kitenzi hicho hakimkubali mmoja peke yake. Kijana alikuwa ameandika Kiswahili sanifu kuliko swali langu.

Hata mstari wa wino haukutulia. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890 uliuweka mpaka kwenye ukingo wa ziwa. Hadi leo Malawi husema ni ukingoni, Tanzania husema ni katikati ya maji, na wavuvi wa Mbamba Bay hutega nyavu zao usiku palepale panapobishaniwa.

Alama zile nne zilimshusha daraja. Nilipostaafu niliulizia habari zake kwa wanafunzi wa rika lake. Wakaniambia alivuka ziwa miaka mingi iliyopita, yuko ng’ambo, anauza dagaa.