Leo Nakula Matapishi Yangu Kuhusu Ten

Wasee, wale mmekuwa hapa kitambo mnajua kuna albamu moja nimekuwa nikiichapa kila nikipata nafasi. Mtu akiuliza aanze wapi kusikiliza roki, na mwingine amwambie aanze na Ten ya Pearl Jam, mimi ndiye yule wa kuingilia kati na kusema hiyo ni albamu ya watu wa kuanza, aende atafute muziki wa ukweli. Kuna siku niliandika kwamba Eddie Vedder anaimba kama mtu aliyebugia kiazi moto na anaona aibu kukitema. Mlicheka sana. Na mimi nikajiona mjanja.

Leo nakula matapishi yangu. Nitawaambia kwa nini, ingawa sehemu moja ya hadithi hii sijawahi kuiweka hapa.

Tuanze shule ya bweni. Kidato cha pili tulikuwa mbogi ya wasee watano tu tuliokuwa tukisikiliza roki, shule nzima. Wengine wote walikuwa na Sauti Sol na Wizkid, na sisi tulikuwa tunaonekana kama watu wamerogwa. Binamu yangu alikuwa amenipa kale kamashine kadogo ka MP3, tulikuwa tunakaficha ndani ya soksi, na usiku baada ya taa kuzimwa tunagawana, sikio moja moja. Hapo ndipo nilisikia Ten mara ya kwanza. Ilikuwa imejaa humo ndani, nyimbo zote kumi na moja.

Lakini mbogi ilikuwa na sheria zake. Kadiri bendi ilivyojulikana na watu wachache, ndivyo heshima yake ilivyopanda. Dirt ya Alice in Chains ilikubalika kwa sababu ilikuwa nzito na ya giza. Nirvana walisamehewa umaarufu wao kwa sababu Kurt Cobain alikuwa amekufa, na ukiwa na miaka kumi na sita kifo kinakupa alama nyingi sana. Pearl Jam walikuwa na kosa gani? Walipendwa. Hilo tu. Halafu mmoja wetu akaja na habari kwamba Cobain mwenyewe aliwadharau, akiwaona watu wa biashara. Basi, kesi ikafungwa hapo hapo. Kwamba baadaye Cobain na Vedder walipatana, hiyo sehemu hakuna aliyetuletea.

Kwa hivyo nilikuwa naichukia albamu ambayo sikuwa nimeisikiliza. Niliisikia, ndiyo, labda mara mia. Kusikiliza ni kitu kingine.

Sasa ile sehemu ngumu. Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda kutafuta kitambulisho. Mathe ndiye alikuwa akishughulikia cheti changu cha kuzaliwa miaka yote, kukipeleka shule, kutoa kopi, kukirudisha kwenye ile bahasha yake ya kaki. Siku hiyo alikuwa kazini, akaniambia kwa simu nikichukue mwenyewe chini ya godoro lake. Nikakitoa kwenye bahasha nikiwa nimesimama. Pale panapoandikwa jina la baba kulikuwa na X. Si jina limekosewa, la, ni X zimepangwa kwenye mstari, moja baada ya nyingine, kama mtu anayefuta kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa.

Nilijua X hizo ni nini. Kila mtu mtaani anajua. Huko nyuma mtoto akizaliwa na mama ambaye hajaolewa, ndivyo walivyokuwa wakiandika, mpaka Mahakama Kuu iliposema mwaka 2016 kwamba huo ni ubaguzi. Nilikuwa nikiwaonea huruma watu wa X. Jina langu la tatu ni la babu mzaa mama, na siku zote niliambiwa nilipewa kwa heshima yake. Sikuwahi kuuliza zaidi. Nani huuliza?

Jioni Mathe aliniambia akichambua mchele, bila kuinua kichwa. Huyu ninayemwita Baba alinikuta nikiwa na mwaka mmoja na nusu. Yule mwingine yuko, yuko Eldoret, ana mke na watoto, na anajua mimi niko. Hajawahi kuuliza. Nilitaka kumuuliza Mathe mambo elfu, nikauliza moja tu la kijinga: "Na Baba anajua najua?" Akasema, "Hapana. Na usimwumize."

Nilimwumiza, bila shaka. Sikusema kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilianza kumjibu kwa neno moja. Salamu zikawa fupi. Nilikuwa nikisikia rumba yake sebuleni, Franco na wenzake, nafunga mlango. Nilipoenda chuo nikakaa muhula mzima bila kumpigia simu, na kila Jumapili yeye alikuwa akinitumia mia mbili ya bando bila ujumbe wowote.

Sasa turudi kwenye albamu, maana najua kuna mtu ameanza kujiuliza hii imeingilia wapi.

Jumamosi moja chuoni nilikuwa nafua. Simu nilikuwa nimeiweka kwenye ukingo wa sinki, inacheza Alice in Chains. Wimbo ukaisha, na simu, kama kawaida yake, ikajichagulia inayofuata. Ikawa Alive ya Pearl Jam. Kama mikono ingekuwa mikavu ningeiruka. Nilikuwa na povu mpaka viwiko na suruali nzito ya jinzi mkononi, nikasema wacha ipite. Halafu nikasikia ubeti wa kwanza. Mama anamkalisha mtoto wake chini, anamwambia yule uliyemdhani baba yako siye.

Maze. Ule wimbo nilikuwa nikiuimba kwa kejeli bwenini, naiga ile sauti, wenzangu wanaanguka kwa kicheko. Maneno yalikuwa hapo siku zote.

Niliacha suruali ndani ya maji nikaketi chini kusoma. Vedder alilelewa Marekani akimwita mume wa mama yake baba. Akiwa kijana akaambiwa baba yake mzazi ni mtu mwingine, mtu ambaye alikuwa amewahi kukutana naye akidhani ni rafiki tu wa familia, na kwamba mtu huyo tayari amekufa. Miaka kadhaa baadaye yuko San Diego, anafanya zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta. Kanda inamfikia kupitia mpiga ngoma Jack Irons. Ndani mna muziki tu, hakuna sauti ya mtu. Ni kazi ya wasee wa Seattle, Stone Gossard na Jeff Ament, ambao mwimbaji wao wa bendi iliyotangulia, Andrew Wood, alikufa kwa heroini Machi 1990, albamu yao ikiwa karibu kutoka. Vedder anaenda baharini kuteleza kwenye mawimbi, anarudi, anaandika na kurekodi nyimbo tatu, anairudisha kanda kwa posta. Alive ilikuwa mojawapo.

Yaani fikiria. Upande mmoja watu wamepoteza rafiki, upande mwingine mtu amepoteza baba ambaye hakumjua, na wanajuana kupitia kanda. Ten ikarekodiwa Seattle mwaka uliofuata, ikatoka Agosti 27, 1991, chini ya mwezi mmoja kabla ya Nevermind ya Nirvana. Mwanzoni haikuuza sana. Baadaye ikalipuka, ikafika namba 2 Marekani, na kule peke yake imepita nakala milioni 13. Jina lenyewe? Namba ya jezi ya Mookie Blaylock, mchezaji wa mpira wa kikapu, ambaye bendi iliwahi kujiita jina lake. Mbogi yetu ilikuwa imetunga maana tano nzito za hiyo kumi.

Usiku ule nilisikiliza yote, kutoka ule muziki mdogo wa kunong'ona unaofungua albamu mpaka unaporudi tena mwishoni baada ya Release. Na Release ndiyo iliyonimaliza. Alive ina hasira, unaweza kujificha nyuma ya magitaa. Release haina pa kujificha. Mtu anamwita baba ambaye hawezi kujibu, polepole, gitaa linazunguka pale pale kama mtu anayetembea ndani ya chumba usiku. Wangu anaweza kujibu, ana simu, ana mtandao. Nilikaa nikifikiria ni kipi bora, nikashindwa.

Black nayo niliwahi kuiita wimbo wa kuachwa na dem. Ni wimbo wa kuachwa, sawa, lakini kumbe kampuni ya rekodi ilitaka sana kuitoa kama singo na bendi ikakataa, ikiona ni kitu cha ndani mno. Watu wa biashara, eti.

Msidhani nimekuwa mlokole wa Pearl Jam. Deep bado naiona imejazwa tu. Even Flow, wimbo unaohusu mtu asiye na makao, una mdundo wa sherehe kiasi kwamba unasahau huyo mtu yuko kwenye baridi. Na ule mwangwi! Kila kitu kinasikika kama kilirekodiwa ndani ya tangi la maji. Mwaka 2009 waliitoa tena na toleo lililochanganywa upya na Brendan O'Brien, kavu zaidi, na mimi ndilo nasikiliza. Mashabiki wa zamani watanichapa, wanichape.

Lakini kuna jambo ambalo ndilo hasa lilinifanya niandike hii. Vedder amesimulia kwamba Alive aliiandika kama laana. Kijana anaambiwa ukweli, na kuwa hai kunamwelemea. Hadithi yenyewe inaendelea kwenye nyimbo nyingine mbili za ile kanda, anageuka muuaji, anaishia kungoja kunyongwa. Giza tupu. Halafu bendi ikaanza kuicheza mbele ya watu, na watu wakaanza kuruka na kuimba kiitikio kama ushindi, maelfu kwa maelfu. Kwao kuwa hai ilikuwa habari njema. Mwaka baada ya mwaka wakimrudishia hivyo, na anasema ndio waliomwondolea ile laana.

Hapo ndipo nilijiona mjinga. Kile ambacho sisi watano tulikuwa tukikidharau, kwamba kila mtu anaimba, ndicho kilichomponya mwenye wimbo. Mimi nilikuwa na X zangu nimezifungia kwenye bahasha, nikidhani maumivu yakijulikana na wengi yanapungua thamani. Kama vile bendi zetu.

Siku ile ile nilipiga simu nyumbani. Sikusema lolote la maana. Tulizungumza kuhusu Gor Mahia.

Likizo ikafika. Baba ana Probox ya kubeba mizigo, na Desemba nilikuwa namsaidia kupeleka mboga. Alfajiri moja tuko Jogoo Road, giza bado, redio yake imeharibika. Akasema, "Weka zako basi, hizo za kelele." Nikaweka Alive. Sijui nilipata wapi huo ujasiri, nadhani ni usingizi.

Akasikiliza kidogo, akauliza, "Huyu analia nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia mama yake alimkalisha chini akamwambia baba aliyemlea si baba yake. Nilitazama mbele tu, taa za lori lililokuwa mbele yetu. Kiswahili changu kilikuwa kimekauka. Baba hakupunguza mwendo wala hakuongeza. Tukapita Makadara kimya, na nikajua kwamba anajua ninajua, na pengine amejua siku nyingi.

Mwishowe akasema, "Na huyo aliyemlea? Yeye aliimbiwa gani?"

Nikanyamaza. Nyimbo zote kumi na moja nilizipitia kichwani, na miaka yote ile ya kubishana kuhusu bendi gani ina maana, na swali hilo halikuwahi kunijia. Nikasema, "Pole, Baba." Akatikisa kichwa tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Wimbo ukafika mwisho, pale Mike McCready anapochukua gitaa na sauti inaondoka kabisa. Baba, ambaye maisha yake yote amengoja sebene ifike katika kila wimbo wa Franco, akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani.

"Ngoja. Hapa ndipo wanaanza sasa."

Tukafika sokoni kabla haijaisha. Akazima injini, akaacha simu icheze. Wenye mikokoteni wakaanza kugonga dirisha, akawaonyesha mkono wasubiri.

"Irudishe hapo kwenye gitaa," akasema.