Toronto: Langoni, ufupi si mwisho wa safari

Mzazi, ukijaliwa kufika Toronto, Kanada, wapeleke watoto kwenye kona ya mitaa ya Yonge na Front. Jengo la mawe lililojengwa mwaka 1885 kwa ajili ya Benki ya Montreal sasa ni sehemu ya Jumba la Umaarufu la Hoki. Katika ukumbi wa zamani wa benki, chini ya kuba la vioo vya rangi, ndimo zilimo tuzo za mchezo huu wa barafuni.

Mmoja wa wanaoenziwa humo ni Roy Worters, mzaliwa wa Toronto. Alikuwa golikipa wa sentimita 160 tu. Mwaka 1929 akawa golikipa wa kwanza kutwaa tuzo ya Hart, ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote kwa timu yake.

Je, mtoto mfupi wa leo anaweza? Tuseme ukweli: kwake ni vigumu zaidi. Lango lenyewe si refu, lina sentimita 122 tu kwenda juu na 183 kwa upana. Lakini magolikipa wa siku hizi hupiga magoti na kutanua miguu ili kuziba chini. Aliye mrefu, hata akipiga magoti, mabega yake bado huziba juu. Mfupi huacha pembe za juu wazi. Ndiyo maana timu hupenda watu kama Ben Bishop, aliyekuwa na sentimita 201.

Mfupi hufidia kwa kusogea mbele. Mwambie mwanao afumbe jicho moja, kisha alete kiganja karibu na lile lililo wazi: kitaficha nyumba nzima. Golikipa akimkaribia mpigaji, lango nalo hufichika hivyo hivyo. Ila pasi ikienda pembeni, lazima awahi kurudi. Juuse Saros wa Finland, mwenye sentimita 180, alikuwa miongoni mwa watatu wa mwisho walioshindania tuzo ya golikipa bora wa ligi ya NHL mwaka 2022.

Kwa hiyo, mwanao akiambiwa ni mfupi, usimdanganye kwamba kimo hakina maana, wala usimkatishe tamaa. Kwanza, bado anakua. Pili, kasi ya miguu na kuusoma mchezo hufundishika. Urefu haufundishwi, basi tusimlaumu mtoto kwa huo.