Darasa Lililofuata Maji

Nimeitumia sehemu kubwa ya umri wangu kuwafundisha watu walioikosa shule, na madhali Mwenyezi Mungu amenijaalia kuufikia uzee nikiwa na akili timamu, naona ni wajibu wangu kuandika machache juu ya kazi hiyo. Si kwa kutaka sifa, bali kwa sababu vijana wa Rufiji na Kibiti wamesemwa vibaya muda mrefu na watu wasiopata hata siku moja kuketi nao chini ya mwembe. Imenenwa mara nyingi kwamba mtoto wa delta ya Mto Rufiji hapendi kusoma. Neno hilo nililisikia tangu ujana wangu, nikalipima kijiji baada ya kijiji, masika na kiangazi, nikaliona si kweli.

Nilizaliwa bondeni, katika ukoo wa wakulima wa mpunga. Mwaka 1968 Mto Rufiji ulifurika furiko kubwa lililofagia mashamba na maghala, na mwaka uliofuata serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, iliyowahamisha maelfu ya watu kutoka bondeni na kuwapeleka katika vijiji vipya vya nchi ya juu. Huko tulipata shule, zahanati na njia ya gari, nami ni miongoni mwa walionufaika na mambo hayo matatu. Walakini ardhi yenye rutuba, ile inayoletewa mboji na mto kila mwaka, ilibaki kule kule tulikotoka. Kwa hiyo kila mwaka, mpunga ulipokaribia kutoa masuke, familia zilifunga mizigo, zikashuka tena bondeni kuishi katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili maji, nguruwe na viboko visiwafikie waliolala, na watoto wakafuatana na wazazi wao kwenda kuamia ndege. Kijijini mwalimu aliita majina katika daftari la mahudhurio asipate jibu, akaandika mkasi kwa kila jina. Na mikasi ile ilipozidi, mtoto alihesabiwa mtoro, ilhali alikuwa akifanya kazi ambayo pasipo hiyo nyumba nzima ingelala njaa.

Nilianza kufundisha nikiwa kijana mbichi, mwaka 1970, ambao Rais Julius Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Yeye alishika rai kwamba nchi maskini haiwezi kungoja watoto wakue ndipo iendelee, bali lazima iwaelimishe kwanza wale wenye majembe mikononi. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kuwa takriban thuluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986 ilitangazwa kuwa wasiojua hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Kisiwa cha Mafia, kinachotutazama ng'ambo ya mlango wa bahari, kilikuwa katika zile wilaya chache zilizochaguliwa kutangulia kufuta ujinga, na habari za bidii yao zilituvukia kwa majahazi, zikatutia ghera. Nilifundisha jioni kwa taa ya chemli, wazee wenye umri wa kunizaa wakiniita Mwalimu kwa heshima, na mwaka 1973, ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, tuliizunguka redio ya kijiji, tukasikiliza, tukajadiliana, kisha tukatoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Hapo ndipo nilipojifunza kanuni niliyoishika hata leo: elimu isiyomalizika kwa kitendo mtu mzima huisahau, na kijana huidharau.

Ikaja miaka ya themanini na uhaba wake. Mafuta ya taa yakaadimika, chaki zikaadimika, na madarasa ya jioni yakafa moja baada ya jingine pasipo mtu kutangaza kifo chake. Karo za shule za msingi ziliporejea, watoto wengi wa vijiji vya ndani ya delta, huko Salale, Mbwera, Maparoni na Kiongoroni, walikua pasipo kuingia darasani, au waliingia wakatoka kabla ya kuweza kusoma barua. Msomaji asiyeifahamu delta na aelewe kwamba huko barabara ni maji. Mto unagawanyika katika mikono mingi, na kati ya mkono na mkono imesimama mikoko, hekta zipatazo 50,000, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wowote katika pwani yetu. Na mtoto anayekaa ng'ambo ya mkono mmoja aweza kuliona paa la shule kwa macho yake, asiweze kuifikia mpaka maji yajae au mpaka apatikane mwenye mtumbwi. Wavulana wa miaka 10 walikuwa tayari wavuvi wa kamba. Wa miaka 15 walikuwa wakikata boriti pamoja na baba zao.

Mwaka 1999 ulianzishwa kwa majaribio Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ambao wengi huujua kwa jina la MEMKWA, katika wilaya 5, mojawapo ikiwa Kisarawe ya mkoa wetu wa Pwani. Na baada ya karo kufutwa na mpango ule kuenea nchini, nami nilitakiwa nisaidie kuuanzisha katika vijiji vyetu. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi na wa hekima. Watoto wa miaka 9 hadi 13 walikusanywa kundi moja, na vijana wa miaka 14 hadi 18 kundi jingine. Muda wa masomo ulifupishwa, mambo ya lazima yakatangulizwa, na aliyefaulu mtihani aliruhusiwa kuingia katika mfumo rasmi pamoja na wenzake. Vitabu vilikuja, na mwongozo wa kufundishia ukaja. Kilichobaki ni kuwapata wanafunzi.

Nilikwenda kwanza kwa wazee. Mmoja wao, mkulima wa mpunga aliyeheshimiwa sana, alinikaribisha juu ya dungu lake, akaniandalia uji, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, shule yako yamtaka mtoto, na ndege nao wautaka mpunga. Niambie nimridhishe nani." Sikumjibu kwa waadhi, kwa maana lile lilikuwa swali la haki. Nilikaa naye mpaka jioni, nikaona kwa macho yangu kwamba ndege hushuka alfajiri, wakala kwa fujo mpaka jua linapokuwa kali, kisha wakajificha vivulini, wakarudi alasiri. Basi nikamwambia: "Babu, niazime watoto tangu saa tano mpaka saa nane, wakati ndege wamelala." Alicheka, akakubali, na majirani zake wakakubali kwa kuwa yeye amekubali. Msimu ule darasa letu lilikaa bondeni, chini ya mwembe, ubao ukiegemezwa shinani, na hakuna siku ambayo mpunga wa mtu uliliwa kwa sababu ya kusoma.

Kwa wavuvi tulifanya vivyo hivyo, ila saa yetu huko ilikuwa mwezi. Kila mtu wa pwani ajua kwamba mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na hizo ndizo siku za neema kwa wenye wando. Kati ya bamvua na bamvua huwa maji mafu, mavuno hupungua, na vijana hubaki ufukweni wakishona nyavu na kupoteza wakati. Tuliyatwaa maji mafu yote yakawa ya darasa, tukafundisha asubuhi na alasiri kwa mfululizo, na bamvua lilipokuja tukawapa kazi ya kufanya mtumbwini: kukariri jedwali, kusoma ukurasa mmoja, kuandika idadi ya tenga za kamba zilizouzwa na bei yake. Mahudhurio yalisimama imara. Wale walioitwa watoro walikuwa wakifika kabla ya mwalimu.

Nataka kumweleza msomaji habari ya kijana mmoja wa huko, kwa sababu alinifundisha zaidi ya nilivyomfundisha. Alikuwa na miaka 16, mrefu, viganja vyake vigumu kwa shoka, na kwa haya aliketi nyuma kabisa. Niliandika ubaoni 6 mara 20, nikamwita. Alisimama, akautazama ubao, akanyamaza, na wenzake wakaanza kucheka. Nikafuta, nikamwuliza: "Mwanangu, mashua imepakia korja 6 za boriti, na juu yake zimebaki boriti 7. Mashuani mna boriti ngapi?" Hakungoja hata nimalize. "Mia na ishirini na saba, Mwalimu," alisema, "lakini mwenye mashua ataandika mia na ishirini, maana anajua sisi hatusomi." Kicheko kilikatika. Korja, yaani ishirini ishirini, ndiyo hesabu ya boriti tangu enzi ya majahazi yaliyozichukua kwenda Uarabuni, na kijana yule alikuwa nayo kichwani yote. Alichokosa ni kalamu ya kuitetea. Siku ile nilimfundisha kuandika 1, 2 na 7, naye akaziandika mara nyingi katika mchanga kwa kijiti. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akishika daftari la wakataji wenzake, na kusoma kibali cha misitu mstari kwa mstari kabla ya mtu kutia dole gumba.

Kwa wasichana njia ilikuwa nyembamba zaidi. Katika nchi yetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa na somo wake, na aghalabu hutoka ndani akielekea ndoa. Sikuja kuzitukana mila zilizomlea mama yangu. Niliwaendea makungwi, nikawaomba wawe walimu pamoja nasi, na kijiji kilipokubali kumteua mwanamke mmoja wa pale pale kuwa mwezeshaji, darasa la wasichana lilifanyika uani baada ya alasiri, ndani ya staha wanayoitaka wazazi. Walisoma, wakahesabu, wakajifunza ushoni na afya ya mama na mtoto; na wengine, ambao tayari walikuwa na watoto migongoni, walisoma kwa shauku iliyopita ya wote. Kwa muda mrefu msichana aliyepata mimba alifungiwa mlango wa shule ya serikali, na madarasa ya namna yetu yakawa karibu mlango pekee aliobakiwa nao. Mwezi Novemba 2021 serikali ilipotangaza kuwa wasichana hao wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida, nilisujudu sijida ya shukrani.

Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, na mabasi ya Lindi na Mtwara yakapita pasipo kungoja kivuko, vijana wengi walitoka delta wakaja Kibiti mjini kuuza korosho na maembe madirishani mwa mabasi, na baadaye kuendesha bodaboda. Tuliwafuata huko pia. Dereva anayesoma alama za barabarani ataishi zaidi ya asiyezisoma, na muuzaji ajuaye kutofautisha mtaji na faida hatarudi nyumbani mikono mitupu. Tuliunganisha kusoma na ufundi, fundi wa injini za boti na fundi wa baiskeli wakawa walimu kama mimi, na vikundi vya vijana vikajiwekea akiba.

Mwaka 2017 Kibiti ilifikwa na msiba mkubwa. Viongozi wa vijiji waliuawa, na askari polisi 8 waliuawa katika shambulio moja la mwezi Aprili. Watu walifunga milango mapema, na kijana asiyejulikana alitazamwa kwa shaka popote alipopita. Tulihamisha darasa la jioni likawa la mchana, na vijana wetu, ambao kila mmoja alijulikana kwa jina, kwa mzazi na kwa kazi yake, walidhaminiwa na wazee wao. Hapo ndipo wengi walipotambua faida ambayo haimo katika mtihani: kijana aliye katika kundi la watu wanaomjua ana ngao, na kijiji chake nacho kina ngao.

Sasa nimestaafu. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, yalinikumbusha kwamba mto haujabadili tabia yake, wala hautaibadili kwa ajili ya ratiba iliyoandikwa mjini. Basi nasaha yangu kwa wenye dhamana ya elimu ni hii: wapeni walimu wakuu wa delta ruhusa ya kupanga mihula na saa kwa kufuata mpunga na maji, walipeni wawezeshaji wa vijijini posho yao kwa wakati, kwa maana hao ndio nguzo za dungu hili, na msianzishe darasa lolote kabla ya kuketi na wazee na makungwi. Nanyi wazazi, mtoto aliyepitwa na darasa la kwanza hajapitwa na elimu. Mpelekeni hata akiwa na ndevu.